Jirani Mchuma Malimau

Katika filamu ya Elia Suleiman iitwayo It Must Be Heaven, iliyoshindania tuzo huko Cannes mwaka 2019, mna jirani mmoja asiyenitoka akilini, ingawa hakupewa jina, na kadhia yake yote, lau ingekusanywa pamoja, isingezidi dakika chache. Mwenye nyumba, ambaye ni Suleiman mwenyewe, anatazama bustani yake mjini Nazareti, na humo anamwona mtu akichuma malimau kwa utulivu, kana kwamba mti ule ni urithi wa babu yake. Mtu huyo, akijua kwamba ameonekana, hatimui mbio wala hafichi alichochuma. Bali anaeleza, kwa taadhima kubwa, kwamba asidhaniwe mwizi, maana alibisha hodi na hakuitikiwa. Siku nyingine yumo tena, safari hii akipogoa matawi. Na baadaye anamwagilia maji, tena kwa ustadi wa mkulima apendaye kazi yake.

Msanii mwenye haraka angalimfanya mtu huyo dhalimu wa wazi, tukamchukia, tukaenda zetu. Suleiman amempa adabu. Ni sahali kusema kwamba hiyo ndiyo hadithi ya ardhi ya Wapalestina, na huenda ndiyo. Ilhali jirani huyo anasema Kiarabu kile kile cha mwenye bustani, na mlimau, tusimdhulumu, unastawi mikononi mwake. Je, adabu hiyo inalipunguza kosa, au ndiyo inayolikamilisha? Na kama mti ungaliachwa ukauke, nani angalilaumiwa?

Mwenye mti hajibu. Kunyamaza ndiyo desturi yake tangu filamu yake Chronicle of a Disappearance ya mwaka 1996, na katika Divine Intervention, iliyopata tuzo ya waamuzi huko Cannes mwaka 2002: mtu yule yule, uso mkavu, macho yamemtoka, akishuhudia upuuzi wa walimwengu bila ya kuukatiza. Suleiman, mzaliwa wa Nazareti aliyekwisha kuishi New York na Paris, ameieleza nia yake kwamba zamani alijaribu kuionyesha Palestina kama mfano mdogo wa dunia, na safari hii ameionyesha dunia yenyewe kana kwamba ni mfano mdogo wa Palestina. Kwa hiyo mwenye mti yule, ambaye sasa ni msafiri, akidhani ameviacha nyumbani vizuizi na askari, anakuta vifaru vikipita katika barabara tupu za Paris, na polisi wakiipima baraza ya mkahawa kwa makini ya ajabu, kisha huko New York watu wananunua mahitaji yao wakiwa wametungika bunduki mabegani. Nilicheka, kisha nikaona haya kidogo kwa kucheka.

Bali linalochoma zaidi halina silaha. Mtayarishaji wa filamu wa Paris, mtu mwungwana wa maneno laini, anamweleza mgeni wake kwamba mswada wake hauna Upalestina wa kutosha, kwani mambo yaliyomo yangaliweza kutokea popote. Maana yake, kama ninavyomfahamu, ni kwamba Mpalestina aje na majonzi yake tayari, yamefungwa vizuri, na mengine awaachie wenyewe.

Mara moja tu msafiri anafumbua kinywa, ndani ya teksi ya New York, dereva anapomwuliza atoka nchi gani. Anataja Nazareti, na alipoulizwa kama hiyo nayo ni nchi, anasema yeye ni Mpalestina. Dereva, ambaye hajapata kumwona hata mmoja, anajawa na furaha na kukataa nauli. Ukarimu huo ni wa kweli, nami siuzomei; ila najiuliza abiria angepokewaje angalikuwa mtu wa kawaida tu.

Baadaye mwigizaji Gael García Bernal, akijiigiza mwenyewe, anampeleka kwa mtayarishaji mwingine na kumtambulisha kuwa Mpalestina mwenye filamu za kuchekesha, ambaye sasa anatunga moja juu ya amani ya Mashariki ya Kati. Mtayarishaji huyo, mwanamke, anasema kwamba hapo tu tayari inachekesha, anaaga, na kwenda zake.