Fedha ya Mnadani Ifike Nyumbani

Kuuza ng'ombe ni kazi ya saa moja. Kumfuga ni kazi ya miaka. Basi si haki fedha yake iishe kabla jua halijachwa. Sisi wa Oldonyo Sambu tuko kando ya barabara kuu ya Arusha na Namanga: wapitaji ni wengi, na wenye kuvizia mfuko uliotuna hawakosi.

Kwanza, baba na mama wapatane kabla ya kwenda mnadani: kiasi gani ni cha chakula, cha sare za watoto, cha dawa ya mifugo, na cha akiba.

Pili, usitembee na fedha yote. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, yawezekana kuiweka kwa wakala papo hapo. Namba ya siri usimwambie mtu, hata wakala mwenyewe. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ni mtego. Tena kila kutoa kuna makato. Afadhali kutoa mara moja kwa juma kuliko kila siku.

Tatu, kuna VICOBA. Sanduku lao hufungwa kwa kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu, nalo hufunguliwa mbele ya wanachama. Sheria ya mwaka 2018 yataka vikundi viandikishwe. Ulizeni kabla ya kujiunga.

Mwisho, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule latosha. Baba na mama walisome pamoja kila Jumapili jioni.