Pumzi Moja Kabla ya Neno



Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ndogo ya milimani. Kazi ya kupiga kengele ilikuwa ya kijana mmoja wa darasa la sita. Asubuhi moja kengele haikulia. Watoto walizagaa uwanjani, walimu wakatazamana, na mkaguzi alitazamiwa siku ile ile. Kijana alipotokea, jua limekwisha panda, nalimkemea mbele ya shule nzima na kumwondoa katika kazi yake, wala sikumwuliza neno. Aliinamisha kichwa akaingia darasani. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya tisa nalikwenda kwao kwa miguu, ndipo nikaambiwa ya kuwa usiku ule mama yake alishikwa na uchungu, na yeye ndiye aliyekimbia gizani kumwita mkunga.

Mwalimu mwenzangu, mtu mzima aliyenizidi umri, alinisikiliza hata nikamaliza. Akasema, "Mwalimu, kukemea si kosa. Kosa lako ni kwamba ulisema kabla hujashusha pumzi."

Nalidhani ni maneno ya kunifariji tu. Baadaye, kwa kusoma, naliona ya kuwa yana msingi katika mwili wenyewe.

Kutoka katika ubongo washuka mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagusi, neno la Kilatini lenye maana ya mwenye kutangatanga, kwa kuwa wapita shingoni na kifuani hata ufike tumboni. Kazi yake mojawapo ni kuuzuia moyo usiende mbio. Moyo ukiachwa bila mishipa ya fahamu hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Lakini mtu mzima aliyekaa kimya hupiga mara 70 hivi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kazi ya vagusi. Mwaka 1921 Otto Loewi, huko Graz katika nchi ya Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliusisimua mshipa huo katika moyo wa kwanza, nao ukapunguza mwendo. Kisha maji yaliyouzunguka akayatia katika moyo wa pili, nao pia ukapunguza mwendo. Hivyo ilijulikana ya kuwa mshipa hutoa kitu cha kuutuliza moyo. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Sasa, msomaji, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uyasikilize mapigo yako. Vuta pumzi polepole: yaharakisha kidogo. Ishushe polepole: yalegea. (Kwa wazee mabadiliko hayo ni madogo, kwa vijana yasikika vizuri.) Ndiyo kusema kwamba wakati wa kushusha pumzi vagusi hufanya kazi yake kwa nguvu zaidi. Lugha yetu yaelekea ilikwisha ona hayo zamani, maana mwenye wasiwasi twasema roho yake i juu, na anayetulia twasema ameshusha pumzi.

Mwaka 2001 madaktari wa Italia, akiwamo Luciano Bernardi wa Pavia, walitangaza habari ya watu wazima 23 waliopimwa walipokuwa wakisali rozari kwa Kilatini, na tena walipokuwa wakirudia maneno ya ibada ya Kihindi. Katika yote mawili pumzi zao zilipungua zikawa karibu 6 kwa dakika, ambapo mtu kwa kawaida hupumua mara 12 au zaidi. Wale walioitunga rozari, nadhani, hawakuwa na saa ya kuhesabu sekunde! Sababu yake ni kwamba mwili una mwendo wake wa kurekebisha msukumo wa damu, nao huzunguka kwa sekunde kumi hivi. Pumzi nayo ikichukua sekunde kumi, miendo hiyo miwili yapatana, kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, michi yao ikipokezana bila kugongana.

Huko California, mahali paitwapo Boulder Creek, kuna taasisi iliyoanzishwa na Doc Childre mwaka 1991, ambayo huwafundisha viongozi zoezi hili. Peleka mawazo yako kifuani penye moyo. Ukipenda, weka mkono hapo. Vuta pumzi huku ukihesabu polepole hata tano, uishushe kwa hesabu hiyo hiyo. Usikijaze kifua kupita kiasi, usije ukapata kizunguzungu. Baada ya dakika mbili tatu, mkumbuke mtu unayemshukuru kwa kweli.

Wako wasemao ati moyo wenyewe huwapelekea wengine nguvu kwa mbali. Hayo mimi siyashiki. Faida naiona katika pumzi ya polepole. Na mkono juu ya moyo, nionavyo, wasaidia kwa kuwa mawazo hupata mahali pa kutua. Tena si dawa: mwenye maradhi ya moyo asiache dawa zake. Wala pumzi haiondoi kosa la mtoto, na mwalimu asiyeonya kamwe si mpole, ni mvivu.

Jambo gumu ni kukumbuka. Hasira haipigi hodi. Kwa hiyo najizoeza nikiwa sina hasira: kabla ya kufungua mlango wa darasa, kabla ya kikao cha walimu, na jioni nikifika kizingitini pangu, kwa maana watoto huusoma uso wa baba kabla hajavua viatu. Hata hivyo mara nyingi nasahau. Mke wangu ni shahidi. Lakini nikikumbuka, hata pumzi moja yanipa nafasi ya kuuliza, "Kumetokea nini?" Swali hilo ndilo nililomnyima yule kijana.

Siku ile kwao nalimwomba radhi mbele ya wazazi wake, mtoto mchanga akilia ndani. Nalimwambia ya kuwa nitasema hayo hayo mbele ya shule, maana mbele ya shule ndipo nilipomvunjia heshima. Hakujibu. Jumatatu kengele ililia robo saa kabla ya wakati wake, nami nalikuwa bado nyumbani, nusu ya ndevu nimenyoa.