Moshi wa Tanuru na Seli za Mapafu

Mchoma mkaa wa Kisarawe hupanga magogo, huyafunika kwa nyasi na udongo, huwasha, kisha hulinda tanuru usiku na mchana. Udongo ukititia na moshi ukafoka, ni yeye anayekwenda na koleo kuziba ufa. Mkaa utapikiwa Kibaha au Dar es Salaam, moshi keshauvuta yeye.

Humo mapafuni moshi hukutana na seli za kila namna. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2020, walitambua aina 58. Zote zina DNA ileile, yenye jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini, ila kila aina hutumia baadhi tu. Seli bapa za vifuko vya hewa hupitisha oksijeni kwenda kwenye damu. Jirani zao, za aina ya pili, huiwasha jeni ya SFTPC na nyinginezo ili kutoa ute unaofanya kazi mithili ya sabuni, vifuko visinatane mtu anapotoa pumzi. Njiti wengi huhema kwa tabu kwa sababu ute huo bado ni haba.

Jeni ipi iwashwe na ipi izimwe, huamuliwa kwa sehemu na alama za kikemikali ziitwazo metili, ambazo hubandikwa kwenye DNA bila kubadili mpangilio wake. Elimu ya mambo haya ndiyo epijenetiki.

Moshi huzivuruga alama hizo. Kwa wavuta sigara, jeni ya AHRR hupungukiwa na metili, kwenye damu na hata kwenye makrofaji, yaani seli zinazomeza uchafu mapafuni. Mtu akiacha sigara, metili hurudi polepole, kwa miaka. Moshi wa kuni nao una kemikali za ukoo uleule zinazoiamsha jeni hiyo.

Lakini tusiamini kila tangazo la “moshi umebadili jeni”. Ukisaga kipande kizima cha pafu na kupima metili, unapata wastani wa seli zote. Pafu la mvutaji lina makrofaji wengi kuliko la asiyevuta. Basi tofauti unayoiona huenda ni ya idadi tu: seli zimeongezeka, wala hakuna iliyobadilika. Ndiyo sababu siku hizi maabara hutenganisha seli na kuzisoma mojamoja, ingawa ni kazi ghali.

Makrofaji hao hao ndio kimelea cha kifua kikuu hujificha na kuzaliana ndani yao. Kwa hiyo ndugu mchoma mkaa, nawe mama unayepika kwa kuni Mlandizi, kikohozi kikifika wiki mbili usikisingizie moshi. Nenda kituo cha afya cha serikali ukapime makohozi. Kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure.