Baiskeli na Mwenziwe

Mtu akinunua baiskeli huipenda mwezi wa kwanza kama bwana arusi katika fungate. Huifuta vumbi asubuhi na jioni, na kengele huipiga hata njia ikiwa tupu. Mwaka ukipita utaikuta imeegemezwa ukutani, kuku wamelala juu ya kerieri. Raha ile huenda wapi? Swali hili nilikwenda nalo Garsen, maana mimi mwenyewe nimetimiza miaka 56, goti lauma, na baiskeli yangu imeanza kushika kutu.

Garsen iko kando ya Mto Tana, mto mrefu kuliko yote katika Kenya. Udongo mweusi wa bondeni ukipata mvua hunata magurudumuni hata mwenye baiskeli akalazimika kuibeba begani. Kiangazi nacho kina mathenge, mti ulioletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambao miiba yake hutoboa tairi kama msumari. Asiyechukua pampu, viraka na gundi, huyo ameamua kurudi kwa miguu.

Hata hivyo nilimkuta mzee mmoja wa Kipokomo, mkulima wa mpunga na maembe, ambaye hajaacha baiskeli tangu ujana wake. Nilipomwuliza siri yake alicheka. "Mdogo wangu," akaniambia, "mimi siendi kupanda baiskeli. Mimi naenda kwa watu."

Leo hufuata njia ya ukingoni atazame maji, kesho hupitia malishoni. Hashindani na vijana wa pikipiki. Kila wiki huupaka mnyororo mafuta na kukaza njiti za magurudumu, kwani chombo chenye kelele, asema, humchosha mtu kabla ya safari.

Lakini kubwa kuliko yote ni mwenziwe, mzee wa Kiorma, mfugaji. Kwa miaka mingi walikwenda sokoni pamoja, huyu na maembe, yule na dumu la maziwa. Ukaingia mwaka 2012. Wakulima na wafugaji wa huku walikuwa na ugomvi wa ardhi na maji, siasa nayo ikatia kuni, na tangu Agosti mwaka ule hadi Januari 2013 watu zaidi ya 100 wakauawa. Wazee wale hawakugombana, ila kila mmoja alichelea kupita kijijini kwa mwenziwe.

"Baiskeli nilikuwa nayo," mzee alisema, "na njia naijua. Lakini miguu ilikataa. Ndipo nilipotambua kuwa utamu haukuwa katika pedali."

Muda mrefu ukapita. Siku moja ukaja ujumbe kutoka kwa yule mfugaji: tairi langu limetoboka, na viraka sina. Viraka vimejaa madukani Garsen, na wote wawili walijua hivyo. Mzee alifunga pampu yake akaenda, moyo ukimdunda njia nzima. Alipofika, tairi alilikuta zima, na chai imekwisha kuandaliwa.

Ndugu msomaji, hata tairi la upepo la baiskeli lina asili kama hiyo. Mwaka 1887, huko Belfast, John Boyd Dunlop alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, asitikisike njiani. Alikuwa akimfikiria mtoto, na dunia nzima ikafaidika.

Basi anayetaka baiskeli isimchoshe na abadili njia, akitunze chombo chake, asikimbizane na mtu; na juu ya hayo awe na mlango wa kubisha mwisho wa safari. Mimi niliporudi nyumbani niliwafukuza kuku, kisha nikaenda kuazima pampu kwa jirani ambaye tulikuwa hatusemezani tangu Ramadhani. Yangu ninayo, nzima. Jirani alinitazama, akatabasamu, akaniuliza tunakwenda wapi.

Gurudumu peke yake, halifikishi safari,
Lahitaji mwenza wake, alisukume kwa ari,
Maji ya Tana tuteke, sote bila ya hatari,
Tuende tusianguke, ujirani uwe shwari.