Je, Wajua? Aliyebuni Mashine ya Kufyonza Vumbi ya Kusimama Alikuwa Mfagiaji

Mashine ya umeme ya kufyonza vumbi ya kusimama, ile inayosukumwa kwa mpini mrefu, ilibuniwa na mfagiaji wa duka. James Murray Spangler wa Canton, Ohio, alisumbuliwa kifua na vumbi la mazulia, akaunganisha mota ya feni, mpini wa fagio na foronya. Hataza alipewa mwaka 1908.

Leo mashine hiyo ina kazi nyingi. Huko Hopkins, mji wa Marekani ulio magharibi mwa Minneapolis, viatu vya majira ya theluji huingiza ndani mchanga na chumvi ya barabarani, na punje hizo hukwangua nyuzi za zulia. Ukianza kazi ya usafi huko, usidanganywe na namba ya ampea: huonyesha umeme unaotumika, si nguvu ya kuvuta. Tazama waya. Mashine za kazi, kama nyingi za chapa ya Sanitaire, huwa na waya wa mita 15 hivi, nao hukupunguzia kuchomoa na kuchomeka ukumbi mzima. Uliza bei ya mifuko, na kama mkanda unaozungusha brashi unaweza kuubadilisha mwenyewe. Ukilegea, brashi haizunguki vizuri. Dhamana ya mashine ya nyumbani mara nyingi hufutika ukiitumia kibiashara, kwa hiyo mashine kuukuu ya kazi iliyokarabatiwa na fundi naiona nafuu kuliko mpya ya nyumbani.

Unataka kuituma mashine yako kwenu Afrika Mashariki? Umeme wa Marekani ni volti 120. Kenya 240, Tanzania 230. Bila transfoma ya kushusha volti inayohimili wati za mashine, mota itaungua.