Watu Wachache, Sauti ya Umati

Katika miaka ya 1970 bendi kadhaa za Uingereza, zikiwamo Yes, Genesis na Pink Floyd, zilijipatia sifa kwa muziki wa roki wa namna mpya. Nyimbo zao zilikuwa ndefu, zenye sehemu nyingi zilizopangwa kwa mfano wa muziki wa orkestra, na maonyesho yao yalijaa taa, moshi na mitambo. Wapenzi wao waliwahesabu kuwa mabingwa. Wakosoaji waliwaita watu wa majivuno. Je, fahari ile ilikuwa na msingi, au ilikuwa mbwembwe tupu?

Bendi ya Queen, iliyoanzishwa London mwaka 1970, ilikulia katika mazingira hayo. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Aila yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Mpiga gitaa wake, Brian May, alisomea fizikia, akauacha utafiti wake wa vumbi la angani kwa ajili ya muziki, kisha akaukamilisha na kutunukiwa shahada ya udaktari mwaka 2007.

Mwaka 1977 bendi hiyo ilitoa wimbo "We Will Rock You", ambao mdundo wake wasikika kama umati mkubwa unaokanyaga chini na kupiga makofi. Kwa hakika hapakuwa na umati, wala mdundo ule haukupigwa kwa ngoma. Watu wachache walikanyaga mbao studioni, wakapiga makofi, na sauti zao zikanaswa kwenye utepe mara nyingi. Hata hivyo, kurudia peke yake hakutoshi. Vishindo vyote vikilifikia sikio kwa wakati mmoja, sikio husikia kishindo kimoja kikubwa, si watu wengi. Umati hutambulikana kwa kuchelewa.

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani kwa mwendo wenye kikomo. Katika joto la Unguja la sentigredi 30, mwendo huo ni karibu mita 350 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti huchukua milisekunde 10, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, kupita mita 3 na nusu. Anayekanyaga karibu husikika mapema, na aliye mbali husikika baadaye. Ili kuiga umati, nakala za kishindo kimoja zilicheleweshwa kwa vipimo mbalimbali, kana kwamba kila nakala imetoka umbali wake.

Hapa ndipo elimu ya May ilipofaa. Mtu akisimama katikati ya kichochoro chenye upana wa mita 3 na nusu, kati ya kuta mbili tupu zinazoelekeana, kisha akapiga kofi moja, mwangwi humrudia kila baada ya milisekunde 10: ya 10, ya 20, ya 30, na kuendelea. Kwa kuwa nafasi hizo zalingana, sikio haliusikii kama makofi ya watu, bali kama mlio mmoja unaovuma. Nakala za utepe zikicheleweshwa kwa mpango huohuo, udanganyifu hufichuka. May ameeleza kwamba alichagua vipimo vinavyohusiana na namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tuchukue kwa mfano milisekunde 13, 29, 53 na 71. Hakuna kimoja kilicho kizidisho cha kingine, wala nafasi kati yao hazilingani. Sikio hukosa utaratibu wa kushika, likaamua kwamba limesikia watu waliotawanyika, wa karibu akiwa mita 4 na nusu, na wa mbali mita 25.

Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, watu wapatao 72,000 walipiga makofi pamoja na Mercury katika wimbo "Radio Ga Ga". Aliyesimama mita 100 kutoka kwenye vipaza sauti aliusikia wimbo karibu sehemu tatu za kumi za sekunde baada ya kutoka humo. Kuchelewa kule ambako utepe ulikuiga, uwanja ulikuzaa wenyewe.

Wakosoaji wana haki yao, kwa maana ladha haipimwi kwa rula. Lakini si kila fahari ni mbwembwe. Fahari hii ilijengwa kwa mbao, nyayo, viganja na hesabu ya darasani.

Wanafunzi waweza kuhakikisha jambo hili kwa urahisi. Mmoja apige ngoma uwanjani, wenzake wakae umbali wa mita 175. Watauona mkono ukishuka, na mlio utawafikia nusu sekunde baadaye. Kisha wajiulize: kama ngoma zingekuwa ishirini, zipangwe umbali gani ili zisikike kama mia?