Kadi ya Benki Isiyo na Chipu Safarini

Wasomaji wenzangu, na hasa ninyi ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni, wengi wenu hupita Entebbe kwenda ng'ambo kwa masomo au kazi. Nataka kueleza jambo liwezalo kumlaza msafiri na njaa hali ana fedha benki.

Itazame kadi yako. Nyuma ina utepe mweusi wa sumaku, uliobuniwa Marekani katika kampuni ya IBM miaka ya 1960. Mbele huenda ina kipande kidogo king'aacho. Hiyo ndiyo chipu, ambayo Mfaransa Roland Moreno aliiandikishia haki mwaka 1974.

Tofauti yake ni hii. Utepe hutoa habari zile zile kila siku: namba ya kadi na tarehe ya mwisho wake. Mwizi akizinakili, hutengeneza kadi pacha. Lakini chipu ni kompyuta ndogo. Kila ununuzi hutoa jibu jipya la siri, wala jibu la jana halifai leo. Ni kama askari wa zamu abadilishaye neno la siri kila usiku.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi ziliuacha utepe. Huko Uingereza, tangu tarehe 14 Februari 2006, wanunuzi walitakiwa kubonyeza namba ya siri badala ya kutia sahihi. Marekani ilichelewa. Mpaka mwaka 2015 kadi nyingi za huko zilikuwa na utepe tu, na wasafiri wao walikwama Ulaya mbele ya mashine za tikiti za gari moshi, mahali pasipo na karani wa kumsihi. Mastercard imetangaza kwamba ifikapo mwaka 2033 kadi zake hazitakuwa na utepe kabisa.

Basi yakupasa ufanye nini? Kwanza, kama kadi yako haina chipu, ibadilishe kabla hujaondoka Kampala. Pili, ikariri namba yako ya siri, usiiandike popote. Tatu, iarifu benki nchi uendazo, isije ikakudhania mwizi na kuifunga kadi. Nne, chukua noti kiasi, wala usiziweke mfuko mmoja na kadi. Usitegemee pesa ya simu, tuliyoizoea tangu MTN ilipoianzisha hapa Uganda mwaka 2009. Mashine hizo za tikiti haziijui.

Tahadhari kabla ya hatari. Foleni ya benki mjini ni ndefu, lakini ni fupi kuliko usiku mmoja katika stesheni ya ugenini.